Kilomita 42 ndani ya joto la Dar

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu aliingia uwanjani Tokyo akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akampiku kwenye utepe wenyewe, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Tulishangilia mwisho ule mpaka tukasahau kuitazama saa. Simbu huyuhuyu alikuwa ameshakimbia 2:04:38 kule Valencia mwaka 2024. Sehemu ya tofauti hiyo ya dakika tano ni mbinu za mbio za ubingwa, ambako watu huviziana. Sehemu nyingine ni hali ya hewa: asubuhi ile Tokyo ilikuwa na joto na unyevu, na bingwa alikaa ndani ya kundi muda mrefu bila kujionyesha, akiitunza nguvu yake kwa ajili ya mwisho.

Ukitaka kukimbia marathoni Dar es Salaam, au kujiandaa hapa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon ya Moshi, funzo la kwanza ni hilo la kukubali kupunguza mwendo. Nazungumzia kilomita 42.195, si zile kilomita 5 za fulana mpya na picha za simu, ingawa hata hizo joto linaweza kumwangusha mtu. Agosti, wakati wa kipupwe, usiku wa Dar hushuka hadi karibu nyuzi 20 na mambo ni nafuu. Januari hadi Machi ni habari nyingine: mchana nyuzi 32 au 33, usiku haziteremki sana chini ya 25, na hewa imejaa maji ya bahari.

Nani hasa amelizoea joto?

Kosa kubwa la wakimbiaji wa mjini ni kudhani kwamba kuzaliwa Ilala ni mazoezi. Mwili haujali umezaliwa wapi. Unajali umefanya kazi gani ndani ya joto wiki hizi mbili zilizopita. Karani anayepanda mwendokasi saa 12 asubuhi, akashinda chini ya kiyoyozi Mtaa wa Samora na kurudi nyumbani jua limeshazama, kwa mwili wake anaishi Ulaya.

Aliyezoea ni msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Simama pale Msimbazi inapokutana na Uhuru umtazame mmoja kuanzia anapotokeza. Amevaa shati la mikono mirefu lililopauka, taulo dogo liko shingoni, chupa ya maji imefungwa kwa kamba kwenye mkono wa mkokoteni. Marobota yamempita kimo. Hakimbii wala hajikokoti, mwendo wake ni mmoja. Akifika penye kivuli cha ghorofa anasimama, anafuta uso, anapiga mafunda mawili matatu, anaendelea. Mzigo mzito ameuhamisha mapema, kabla jua halijawa kali, na saa 7 mchana utamkuta amelala juu ya mkokoteni wake mtupu.

Ndani ya mwili wa mtu kama huyo kuna mambo yaliyobadilika. Damu yake ina majimaji zaidi, kwa hiyo moyo hauhangaiki kuipeleka kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Jasho lake huanza kutoka mapema na kwa wingi, na hubeba chumvi kidogo kuliko la mtu asiyezoea. Wewe unaweza kuyapata mabadiliko hayo kwa siku 10 hadi 14, kwa sharti moja: uingie kwenye joto kila siku au karibu kila siku, ukitoka jasho kwa saa moja hadi saa moja na nusu, kwa mwendo wa taratibu.

Kwa hiyo wiki ya tatu na ya pili kabla ya mbio, hamisha mazoezi yako mepesi kutoka alfajiri kwenda saa 10 jioni. Usikimbie saa 7 mchana, huo ni ubishi tu. Siku za mwanzo kimbia dakika 30, nyingine tembea haraka, kisha ongeza. Mazoezi magumu na ile mbio ndefu ya mwisho wa wiki viache palepale alfajiri, maana ukivibeba vyote kwenye jua utafika siku ya mbio umekwisha. Na kiyoyozi kizime au kipandishe nyuzi kadhaa. Faida hii haidumu, ukikaa wiki nzima kwenye ubaridi inaanza kukutoka.

Wanaofunga wana hesabu yao. Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi, ndani ya msimu huohuo wa joto na karibu kabisa na mbio za Moshi. Mbio ndefu usiifanye ukiwa na swaumu. Dakika 30 au 40 za taratibu zinazoishia karibu na adhana ya magharibi zinatosha kwa aliyefunga, hata kama mazoea ya joto yatakuja polepole zaidi, na ile ndefu iwe baada ya tarawehe, ukiwa umekula na kunywa.

Alfajiri haina joto, ina unyevu

Kila mtu atakwambia: kimbia alfajiri, hakuna joto. Ni ushauri mzuri ulio nusu. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Saa 11 alfajiri hapa Dar jua halijatoka, lakini hewa imeshiba maji kiasi kwamba jasho halina pa kwenda. Linachuruzika hadi kwenye viatu. Jasho linalodondoka chini ni maji uliyoyapoteza bila kupata ubaridi wowote.

Waandaaji wa mashindano ya dunia Doha mwaka 2019 walilifahamu jua la Ghuba, wakaipanga marathoni ya wanawake ianze karibu saa 6 usiku. Jua halikuwepo, lakini joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Wanawake 68 waliondoka, 40 wakamaliza. Mshindi, Mkenya Ruth Chepngetich, alitumia saa 2:32:43, wakati Januari mwaka uleule kule Dubai alikuwa amekimbia 2:17:08. Dakika kumi na tano zililiwa na hewa, usiku wa manane.

Maana yake kwako ni kwamba upepo una thamani sawa na kivuli. Ndani ya Kariakoo, kati ya ghorofa za Mtaa wa Congo, Swahili na Aggrey, upepo hauingii, kuta na lami zimehifadhi joto la jana, na tangu alfajiri malori yanashusha mizigo. Usijaribu kukusanya kilomita humo. Tumia mitaa hiyo kupasha misuli kwa kutembea, pitia Mnazi Mmoja, vuka Bibi Titi, teremka hadi Barabara ya Barack Obama pale baharini. Kuanzia Ocean Road kwenda Daraja la Tanzanite, kisha Coco na Masaki, unapata hewa inayotembea. Daraja lenyewe ni kilomita moja hivi juu ya maji bila mti hata mmoja: alfajiri ni raha tupu, saa 3 asubuhi ni kikaango. Lipange liwe mwanzoni.

Jambo dogo linalosahaulika ni upande wa upepo. Ukikimbia ukisukumwa na upepo kwa mgongo, kasi yako na ya upepo zinakaribiana na ngozi yako haipati hewa. Basi kipande hicho kifanye kwanza, wakati bado ni mapema, na nusu ya mwisho ukimbie ukiukabili upepo. Utapoteza sekunde chache, utaokoa mwili. Wakati wa kaskazi, mtu wa Kariakoo anaweza kupanda gari mpaka Masaki, akaanzia huko kuja mjini kisha akarudi. Nauli ni ndogo.

Maji, chumvi na mizani

Kuhusu maji tunapotezana sana. Wapo wasiokunywa kabisa kwa kuogopa kichomi, na wapo wanaokunywa kila chupa wanayoiona. Makundi yote mawili yana hatari, na la pili ndilo halisemwi. Baada ya Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu pungufu, na walioongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Maji yakizidi chumvi ikapungua, ubongo huvimba. Mtu anatapika na kuchanganyikiwa, wenzake wanadhani ana kiu, wanamwongeza maji.

Dawa ya kubahatisha ni mizani. Jipime ukiwa mkavu kabla ya kutoka, kimbia saa moja kwa mwendo wa siku ya mbio, jifute jasho, jipime tena kwenye mizani ileile. Tuseme ulikuwa kilo 62, umerudi 60.8, na njiani ulikunywa nusu lita. Umetoka jasho lita 1.7 kwa saa. Usijaribu kulirudisha lote, tumbo la anayekimbia halipokei kiasi hicho. Kunywa mililita 500 hadi 800 kwa saa, mafunda machache kila kituo, na ukubali kumaliza ukiwa mwepesi kuliko ulivyoanza. Ukimaliza mzito kuliko ulivyoanza, ulikunywa kupita kiasi.

Chumvi haihitaji duka la vifaa vya michezo. Lita moja ya maji safi, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita vya chai, vyote kwa kipimo cha kusawazisha, si kurundika. Kamulia limau. Ni mchanganyiko uleule mama zetu wanaompa mtoto anayeharisha. Tumia huo kupokezana na maji matupu, na uujaribu kwenye mazoezi kwanza. Mwenye presha au figo aongee na daktari wake kabla. Dafu nalipenda kama mtu yeyote wa pwani, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linaondoka na sodiamu. Linywe ukishamaliza. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo viache kwa madereva wa usiku.

Na usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio ili goti lisikusumbue. Mwili uliopungukiwa maji hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na dawa hizo huzidi kuipunguza. Kama goti linahitaji kidonge ili ukimbie, halijawa tayari.

Siku yenyewe

Mwili unaoanza ukiwa wa baridi una nafasi kubwa zaidi ya kupanda joto kabla haujafika mahali pabaya. Nusu saa kabla ya kuondoka, kaa kivulini, jifunge kitambaa chenye barafu shingoni, na ule barafu mbili tatu za ukwaju au ubuyu, zile zinazouzwa majumbani uswahilini. Barafu iliyosagika ikiingia tumboni inapoza zaidi kutokea ndani kuliko maji ya baridi. Kucheza muziki jukwaani nusu saa nzima kama maandalizi, jambo linalopendwa sana kwenye mbio zetu, ni kulipa joto kabla hujadaiwa.

Fulana ya mbio waliyokupa na namba ihifadhi. Mara nyingi ni pamba nzito, na nembo za wadhamini zimechapwa kifuani kama turubai: hapo jasho halipiti. Vaa jezi nyepesi yenye vitundu, rangi ya kung'aa, na kofia inayopitisha hewa. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu, kwa sababu nguo iliyolowa huchuna. Ukijimwagia maji njiani, mwaga kichwani na shingoni ukiwa umeinama mbele, yasiteremke kwenye viatu, la sivyo malengelenge yatakusimamisha kabla ya joto.

Mwendo sasa. Kama kwenye baridi unakimbia saa 4 kamili, yaani dakika 5:41 kwa kilomita, Februari ya Dar ondoka kwa hesabu ya saa 4:30, dakika 6:24 kwa kilomita, na usiiguse ile ya mwanzo kabla ya kilomita ya 30. Watakupita wengi kwenye kilomita kumi za kwanza. Waache. Zaidi ya robo tatu ya nishati unayochoma unapokimbia hugeuka joto, kwa hiyo kila kasi unayoongeza ni kuni. Kwa anayekimbia Moshi hili ni zito mara mbili, maana huko nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka na jua limeshasimama.

Kipimo cha mwendo tunacho toka zamani. Klabu za jogging za Temeke na Ilala hukimbia zikiimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Ukiwa unaweza kuitikia kiitikio chote bila kukata, uko salama. Ukibakiza silabi za mwisho tu, punguza. Ukinyamaza, tembea hadi kituo kinachofuata.

Mwenzako akianza kupepesuka

Kipande hiki kisome mara mbili, na umsomee yule anayekusindikiza na baiskeli.

Kusikia baridi na malaika kusimama wakati jua linawaka, kichwa kugonga, kichefuchefu, miguu kutotii: hapo mbio zimekwisha, kaa kivulini ujimwagie maji. Kiharusi cha joto ni hatua inayofuata, na dalili yake kubwa iko akilini. Mtu anapepesuka, anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, anakimbilia upande usiokuwa. Muulize tuko mtaa gani. Akishindwa, usimwamini anaposema yuko sawa. Usisubiri jasho likauke: mkimbiaji anaweza kuwa amelowa chapachapa huku joto lake la ndani limepita nyuzi 40. Na vile vipima joto vya kuelekeza kwenye paji la uso, tulivyovizoea wakati wa korona, havifai hapa, vinasoma ngozi iliyolowa.

Kanuni ni poza kwanza, safirisha baadaye. Desturi yetu ni kinyume: mtu anapakiwa kwenye bajaji, foleni ya Morogoro Road inamkuta, anafika hospitali baada ya dakika arobaini akiwa anachemka. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Kwenye mbio za Falmouth, Massachusetts, ambazo ni kilomita 11 tu, uchunguzi wa miaka 18 ulihesabu wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto waliozamishwa palepale kwenye maji ya barafu. Hakuna aliyekufa.

Beseni kubwa la kuogea linatosha. Kama halipo, turubai: mlaze mgonjwa katikati, watu wanne hadi sita washike kingo waziinue ziwe kama hori, mimineni ndoo nne za maji na barafu yote mliyonayo, myachezeshe maji yasitulie. Mmoja kazi yake iwe kichwa tu, uso usizame. Dakika 10 hadi 15, au mpaka aanze kutetemeka na kurudiwa na akili. Ndipo gari liende Muhimbili, au Amana kama mko upande wa Ilala. Mdomoni asipewe kitu akiwa hana fahamu kamili. Barafu na turubai hazipatikani pakishaharibika, lazima ziwe zimeletwa usiku.

Na hapa nawageukia ninyi waandaaji wa mbio. Maturubai na mabeseni yamejaa Kariakoo, barafu ipo Feri kwa wauza samaki, na gharama yake yote haifiki ya jukwaa na spika zenu. Anzeni saa 11 na nusu alfajiri, si saa 12 na nusu kwa kumngoja mgeni rasmi. Wekeni maji kila kilomita mbili na nusu, na chumvi kwenye nusu ya vituo. Wafundisheni vijana wenu wa njiani swali lile moja la tuko mtaa gani. Msipoweza hayo Februari, ipelekeni mbio yenu Agosti.